Lenzi ya Pili

Kabla sijanunua kamera, nilikuwa nimeshajua kuisafisha. Nilijua jinsi ya kupuliza vumbi lililoingia ndani, jinsi ya kutunza lenzi wakati wa masika isiote ukungu, na kwa nini betri isiachwe kwenye chaja siku nzima. Nilijua kasoro za kamera ambazo sijawahi hata kuzishika. Nilikuwa kama mtu aliyekariri dawa za magonjwa yote ya ng'ombe na hana hata ndama. Kilichonishinda ni kuchagua.

Nafanya kazi kwenye steshenari nyuma ya soko la Biharamulo. Tunatoa kopi, tunachapa barua za maombi, tunapiga picha za pasipoti. Picha ni kazi yangu. Nazipiga kwa simu, mteja akiwa ameketi kwenye stuli mbele ya kitambaa cha bluu ambacho nakipiga pasi kila asubuhi, ingawa mwenye duka ameshaniambia kwamba mikunjo haionekani. Mimi naiona. Nikishapata picha nzuri naomba nirudie, na mtu akikubali naomba tena. Mzee mmoja aliinuka kwenye stuli akaniambia, "Binti, uso huu ninao mmoja tu. Hata ukirudia utakuta ni ule ule."

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, bando likiruhusu, na kwa kuharibu. Maneno ninayoyasema zaidi kwa siku ni haya: "Kidevu juu kidogo. Masikio yaonekane. Usicheke, mama, itakataliwa."

Sasa siku moja dada yangu mkubwa akanipigia simu kutoka nyumbani Mugoma, kule Ngara. Alikuwa amepata mchumba, kijana wa Nemba, huku huku Biharamulo, na familia ya kijana ilikuwa imeomba siku ya kuja kumwomba rasmi.

"Wageni wanakuja," akasema. "Picha utapiga wewe."

"Dada, Ngara kuna wapiga picha wazuri."

"Sitaki mzuri. Nakutaka wewe."

Nilijaribu kuona kama hilo ni sifa. Kabla sijapata jibu akaendelea.

"Na nataka picha moja. Nyingine piga, usipige, shauri yako. Nataka picha ya Bibi akicheka."

Alijua alichokiomba.

Bibi yetu, mama yake baba, ni mtu wa kucheka, na hacheki kistaarabu. Kicheko chake kinaanzia mabegani, kinateremka mpaka anajipiga paja, kisha inatoka sauti ambayo mbwa wa jirani huwa anaijibu. Mimi na dada yangu tulikua tukilala chumba kimoja naye, na asubuhi nyingi tuliamshwa na kicheko hicho kutoka jikoni, Bibi akiwa peke yake na moto, anacheka jambo alilolikumbuka. Lakini mwonyeshe kamera. Anageuka nguzo.

Hilo halikuja lenyewe. Bibi alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na baba yangu mgongoni, na tangu hapo karibu kila picha aliyopigwa ilikuwa ya karatasi za ofisi fulani. Unaitwa, unasimamishwa, unaambiwa utazame mbele, usicheke. Picha ikiharibika unarudi mwisho wa foleni. Bibi alijifunza kupigwa picha kama watu wengine wanavyojifunza kula kiapo. Picha zake chache zilizopo nyumbani zote ni za mtu yule yule: mikono imenyooka, midomo imebanwa, macho yanamtazama ofisa. Hata kwenye picha ya ubatizo wangu amenipakata kama kielelezo cha ushahidi.

"Sitaki kwenda Nemba na yule mama wa foleni," dada akasema. "Nataka kwenda na Bibi. Unajua hatakuja kunitembelea."

Nilijua. Bibi hasafiri tena. Gari linamtapisha hata likiwa limesimama.

Nikasema sawa, nitampata. Nikakata simu, nikaanza kuogopa.

Simu yangu isingeweza. Simu ni ya kusogelea mtu, na ukimsogelea Bibi umeshakuwa ofisa. Lakini nilikuwa na kibubu. Nilikianza tangu mwezi wangu wa kwanza kazini kwa ajili ya kamera, zile nyeusi zenye kioo ndani zinazolia *klak* ukibonyeza, ambazo watu wa mtandaoni wanaziita DSLR. Nilikuwa nakilisha na kukiahirisha kwa sababu bado sijajiridhisha ni kamera ipi. Sasa siku ya wageni ilikuwa imepangwa, na mimi sikuwa na sababu tena isipokuwa woga.

Chaguo lenyewe, ukiliondolea maneno, lilikuwa dogo. Muuzaji mmoja wa Mwanza, ambaye hutuma mizigo kwa basi, alikuwa na bodi ya kamera, yaani kiwiliwili chake kitupu, iliyotumika kidogo pamoja na lenzi moja ya milimita hamsini, ile isiyovuta wala kurudisha. Pia alikuwa na kamera mpya ya wanaoanza, ndani ya boksi lake, ikiwa na lenzi mbili: fupi ya kila siku, na ndefu ya kuvuta vya mbali.

Mimi niliitaka ile ya hamsini. Mtandaoni kuna watu ambao sijui huwa wanafanya kazi saa ngapi. Wao kutwa wanapima lenzi. Hao wote waliisifu ya hamsini kama watu wanavyomsifu marehemu. Kuhusu lenzi ya pili ya kwenye boksi walikuwa na neno moja: plastiki. Mmoja alishauri uiuze siku ile ile kabla haijaota aibu. Niliyasoma hayo nikayameza. Sikutaka kuwa mtu mwenye lenzi ya aibu. Wakati huo huo niliogopa kamera iliyotumika, maana sikujua ilitumiwa na nani na alikuwa na mikono ya namna gani.

Basi nikawa namuuliza muuzaji. Niliuliza kama kuna mchubuko. Niliuliza kama mchubuko uko kwenye rangi au kwenye chuma. Niliomba picha ya kamera, kisha picha iliyopigwa na kamera, kisha picha ya ukuta mweupe iliyopigwa na kamera ili nione kama kuna doa. Akanitumia ukuta. Nikauliza kama ule mstari uko kwenye ukuta au kwenye picha. Ndipo akanirekodia sauti, anaongea polepole kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Dada'ngu, nikuulize kwa nia njema tu. Unanunua kamera au unachumbia? Maana hata mke wangu sikumuulizia mambo yote haya."

"Naogopa kukosea," nikamjibu.

"Kukosea kupo. Ile mpya ina waranti."

Dada naye akawa anapiga simu.

"Umeshanunua?"

"Bado. Nimebakiza mbili."

"Juzi pia ulibakiza mbili."

"Nimerudi kwa zile zile, lakini sasa nina sababu nyingine."

Akapumua. Nikaona bora nimweleze vizuri, maana dada yangu ni mwelewa ukimpa nafasi. Nikamsifia ile ya hamsini, usafi wake, namna inavyolainisha vya nyuma. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo isiyovuta," akauliza, "ukitaka kitu kije karibu unafanyaje?"

"Unasogea wewe."

"Unasogea kwenda wapi?"

"Kwa unayempiga."

"Wageni watakaa wapi siku hiyo?"

Kwetu, siku watu wanapokuja kuomba binti, ua unakuwa na pande mbili. Wenyeji wanakaa chini ya turubai lao, wageni chini ya lao, wanatazamana, na katikati unabaki uwanja mtupu. Kwenye uwanja wanasimama wasemaji tu, wa huku na wa kule, wanarushiana maneno. Wageni wanakuja na mtungi wao wa rubisi, pombe ya ndizi, unawekwa mbele yao umefungwa. Mpaka upokelewe na kufunguliwa, mtu wa kwetu havuki. Atakayevuka amejipeleka mwenyewe, na wageni wana haki ya kumshika mpaka akombolewe.

"Unamkumbuka binamu aliyemfuata kuku?" dada akauliza.

Nani asingemkumbuka? Alikuwa kijana mzima na ndevu zake, akamkimbiza kuku aliyepenya uwanjani, akajikuta upande wa pili. Wageni walimkalisha kwenye mkeka wao na kumwita bibi harusi mpaka baba alipotoa soda.

"Kwa hiyo na hiyo kamera yako ya kusogea," dada akasema, "wakwe zangu utawapiga visogo wakati wa kuondoka?"

Jioni ile ile nilimwandikia muuzaji kwamba nataka boksi lenye lenzi mbili. Akajibu kwa alama za mikono inayopiga makofi, nyingi.

Boksi lilifika stendi ya Biharamulo likiwa limefungwa kwa gundi na kuandikwa USITUPE. Nilitandika kitambaa cha bluu juu ya meza ya kazi, nimeshakipiga pasi, nikaitoa kamera humo kama mkunga. Lenzi fupi niliipenda hapo hapo. Ilihesabu nyuzi za kitambaa. Ile ndefu niliitazama kwa jicho la watu wa mtandaoni: nyepesi, shingo ndefu, inacheza kidogo ukiitikisa. Ubavuni ina kitufe cha kuzuia mtikisiko wa mikono. Video zilisema kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu kitufe hicho kizimwe. Nilikuwa nimeazima stendi ya mwenye duka, basi nikakizima, nikaipiga picha saa ya ukutani mpaka nikaridhika.

Jumapili baada ya ibada nilizipeleka lenzi zote mbili matembezini. Nilianzia kwenye boma la Wajerumani, kuta zake haziendi popote na hazilalamiki ukirudia. Kisha nikashuka sokoni na ile ndefu. Hapo ndipo nikagundua tabia yake: inakurudisha nyuma. Ukiwa karibu na mtu inakupa pua tu. Unataka uso wote, unarudi hatua. Unataka na mabega, unarudi tena. Jicho liko kwenye kamera, miguu inakwenda yenyewe. Nilikuwa nampata vizuri sana muuza dagaa mmoja, bado kidogo tu mikono yake iingie, nikakaa juu ya nyanya za watu.

"Wewe binti!" mwenye nyanya akapiga kelele. "Una macho mangapi? Na yote umeyapeleka mbele!"

Nilizinunua zile zilizopasuka. Nilikula mchuzi wa nyanya wiki nzima nikiichukia lenzi ya pili.

Siku moja kabla ya wageni nilipanda gari la Ngara, kisha bodaboda hadi Mugoma, begi la kamera nimelikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Bibi nilimkuta uani na akina mama wanamenya ndizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu. "Umekonda. Hicho ulichobeba ni nini?"

Nikamwonyesha. Tabasamu lake likafungwa kama duka.

Asubuhi ya siku yenyewe nilianza mapema kumwinda. Nilikuwa na lenzi fupi. Nilimnyemelea kwenye moto, akanyooka. Nilimfuata kwenye migomba, akanyooka, na kisu mkononi. Nilijificha nyuma ya pipa la maji, akasema bila kugeuka, "Nakuona miguu."

"Bibi, nichekee kidogo tu."

"Nicheke nini? Umesema nini cha kuchekesha?"

"Basi niambie wewe jambo."

"Picha haipigwi huku mtu anaropoka," akasema. "Ngoja nivae vizuri." Akaingia ndani, akatoka na kitenge chake kipya na kilemba, akasimama mbele ya ukuta, mikono chini, akamtazama ofisa. Nikapiga. Naungama kwamba picha ile ilikuwa kamili. Mwanga ulikuwa wa upande, kila kope ilionekana, kilemba kilikaa sawa na mstari wa dirisha. Sijawahi kupiga picha safi kama ile. Nikamwonyesha dada ndani alikokuwa amefichwa anasukwa.

"Nzuri sana," akasema. Akanirudishia kamera. "Sasa nitafutie Bibi."

Wageni wa Nemba walifika na gari la kukodi, wakashuka wakijikung'uta vumbi, wakakaa chini ya turubai lao. Mtungi ukawekwa mbele yao, mdomo umefungwa kwa jani la mgomba. Msemaji wao alikuwa mtu mnene, mwenye koti la kijivu na sauti ya mnada. Wa kwetu alikuwa baba mdogo, ambaye siku za kawaida hasemi sana ila akipewa uwanja hasikiki mwingine.

"Wenyeji," akaanza yule wa Nemba, "sisi tumepotea. Tulitoka kwetu tukiwa na njia, tumefika hapa hatuna njia ya kurudi. Tunaambiwa anayeijua yuko ndani ya nyumba hii."

"Njia ya Nemba?" baba mdogo akasema. "Hata kondakta anaijua. Nendeni stendi."

"Kondakta hapiki."

"Na huyo wa ndani nani amewaambia anapika?"

Watu wakacheka pande zote mbili. Bibi akacheka pia, mstari wa mbele kabisa kati ya akina mama, mrija wa rubisi mkononi, mtungi wetu mdogo kati ya magoti. Kila aliponiona namgeukia, kicheko kilikatika. Nilikuwa karibu mno. Nikaingia nyuma ya turubai, nikavua lenzi fupi, nikafunga ile ndefu. Nilipotoka nikasimama ukingoni mwa uwanja, pembeni ya baba mdogo, nikaelekeza kamera kwa Bibi.

Pua. Pua yake, kubwa na ya heshima.

Nikarudi hatua. Uso ukaingia. Bibi alikuwa ameniona, midomo imebana, lakini nilipokuwa narudi niliona jambo: mabega yalishuka kidogo. Nikarudi tena, yakashuka tena. Macho ya Bibi hayaoni mbali siku hizi. Kadiri nilivyokwenda nyuma ndivyo nilivyokuwa napungua kwake, kutoka kuwa ofisa, nikawa mtu tu aliyesimama, nikawa kivuli. Akashika mrija, akanywa. Akamwinamia mama wa pembeni, akasema kitu. Nilitaka na mikono iingie. Nilitaka na mtungi. Mambo yalikuwa yanakuja mazuri sana, yaani vizuri mpaka nikasahau kupumua, na nikarudi kidogo, na kidogo tena, bado kidogo tu.

Kisigino changu kikagonga mtungi wa Nemba, na mimi nikakaa kwenye mapaja ya msemaji wao, aliyekuwa amerudi kuketi apumue kidogo.

Yule mtu wa koti la kijivu akanyanyua mikono yote miwili juu, asije akashtakiwa, akatangaza kwa sauti ya mnada:

"Jamani, watu wa Mugoma ni wakarimu! Mtungi haujafunguliwa, tayari wametuletea mmoja!"

"Na amekuja kinyumenyume!" mama mmoja wa Nemba akadakia. "Wa kwetu huwa wanakuja kwa uso!"

"Mrudisheni!" baba mdogo akapiga kelele. "Huyo hajaiva!"

"Aliyevuka amevuka. Tulikuja kuomba mmoja, tunaondoka na wawili."

"Mtajuta! Huyo hajui kupika, anajua kupiga pasipoti. Mkimchukua, mchukue na chaja zake!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitaka kueleza kuhusu lenzi, kwamba ni ndefu, kwamba si kosa langu peke yangu. Ndipo nikasikia sauti kutoka ng'ambo, sauti ya Bibi, kwa Kihangaza cha kwetu Ngara, imepaa juu ya zote:

"Kaeni naye huyo! Tangu alfajiri ananizunguka na kidude chake kama nzi wa maziwa! Msitoe ng'ombe, sisi tutawapa mbuzi mumchukue!"

Na akacheka. Alikuwa amejichekesha mwenyewe. Mabega yakaanza, mkono ukashuka kwenye paja, mrija ukaruka. Nilikuwa bado nimekaa kwenye magoti ya mtu nisiyemjua. Nikainua kamera, nikavuta lenzi mpaka mwisho wake, na Bibi akaja mzima mzima mbele ya jicho langu kutoka upande wa pili wa uwanja, mdomo wazi, macho yamepotea ndani ya mikunjo. Hakuniona. Alikuwa anaicheka habari yangu na hakujua nilipo. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, na mbwa wa jirani akajibu.

Walinikalisha kwenye mkeka wao, wakanifunika kitenge kichwani, mama yake shemeji akanilisha karanga. Baba mdogo alilazimika kuleta kreti la soda kunikomboa. Msemaji wa Nemba alinisindikiza mpaka katikati ya uwanja akaniachia mkono.

"Tunamrudisha," akasema, "lakini akichoka kungoja wa kwake, njia anaijua. Ya kinyumenyume."

Mtungi ukafunguliwa. Dada akatolewa nje, amependeza mpaka nikapiga picha tatu bila kuona, machozi yameziba jicho la kupigia. Picha ziliendelea mpaka jua lilipolala. Sikuthubutu kutazama za Bibi mpaka wageni walipoondoka. Nikaenda nyuma ya jiko, nikawasha kioo kidogo cha kamera, nikakuza.

Zilikuwa zimetikisika. Ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Ya pili ilikuwa ni yeye, kicheko chote kipo, lakini kila mstari wa uso una pacha wake. Nikageuza lenzi ubavuni. Kitufe cha kuzuia mtikisiko kilikuwa kimezimwa, kama nilivyokiacha siku ile nikiipiga picha saa ya ukutani.

Dada alinikuta hapo hapo, amevua viatu, anakula kipande cha nyama.

"Umempata?"

"Nimempata," nikasema. "Nimemharibu." Nikamweleza yote: kitufe, stendi ya mwenye duka, video. Nilieleza mpaka nikasikia ninavyoeleza. Yeye alikuwa ameshachukua kamera. Alitazama kile kioo kidogo kwa muda.

"Mbona simuoni alivyoharibika?"

"Hapa ni mdogo. Ukimchapisha mkubwa wa kutundika ukutani utaona."

"Basi mchapishe mdogo."

Nilirudi Biharamulo na maneno hayo. Kwenye steshenari nilijaribu saizi ya karatasi nzima, ikawa ukungu. Nikajaribu nusu, kisha ya kadi, nikirudi nyuma kidogo kidogo kama siku ile, safari hii kwa ukubwa. Saizi ilipofika ile ninayoikata kila siku ya maisha yangu, pacha akaingia ndani ya mwenzake na Bibi akawa mmoja. Ilikuwa saizi ya pasipoti. Mashine yetu inazitoa nyingi kwenye karatasi moja, basi nikatoa karatasi nzima ya akina Bibi wakicheka, nikawakata kwa mkasi, kingo sawa, nikarudia waliopinda.

Nilifika nyumbani wiki ya harusi. Ile picha safi, ya kilemba na ukuta, nilikuwa nimeichapisha kubwa na kuitia fremu. Bibi aliipokea kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo picha," akasema. "Hii popote ukiipeleka itapokelewa." Akaagiza itundikwe sebuleni juu ya redio.

Kisha nikampa dada bahasha. Alizimwaga kwenye mkeka, akachukua moja, akavua kava la simu yake, lile linaloonyesha ndani, akaiweka nyuma na kulifunga. Akaigeuza simu akaitazama. Alikifuta kioo chake kwa kanga, ingawa kilikuwa safi.

Bibi akanyoosha mkono, akaokota moja. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu nani? Mbona hana meno?"

"Ni wewe, Bibi," dada akasema.

"Mimi? Na nani alimruhusu apigwe picha mdomo wazi?" Akaitazama tena. "Saizi ya kitambulisho, halafu anacheka. Wewe mtoto, unataka nifukuzwe foleni?"

Akaanza kuzikusanya zilizobaki, moja moja, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake na kukaza fundo. "Zisije zikafika ofisini hizi," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mkono ukaanza safari ya kwenda kwenye paja.

Nikakimbia chumbani. Kamera ilikuwa na chaji. Nilifunga lenzi, nikawasha kitufe cha ubavuni, nikahakikisha kwamba nimekiwasha, nikahakikisha tena. Niliporudi mlangoni, dada yangu alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono asicheke, simu ameikumbatia kifuani, na Bibi alikuwa ameshanyoosha mikono, anamtazama ofisa.